SOMO LA KIARABU: FII, MIN NA ILAA KATIKA SENTENSI



Wanafunzi wapenzi, pamoja nanyi wazazi na walezi mtakaolisoma somo hili na watoto wenu nyumbani. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda tukae kidogo na vineno vitatu ambavyo kila mwanafunzi wa madrasa anadhani anavijua. Navyo ni fii, min na ilaa.

Vineno hivi na wenzake vinaitwa huruuful-jarri. Kwa Kiswahili cha shuleni ni vihusishi. Mwenye Al-Ajurrumiyya, Ibn Ajurrum wa mji wa Fas nchini Moroko, aliyefariki mwaka 723 Hijria (1323 Miladia), anavitaja mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, ila yeye anaviita huruuful-khafdhi. Msibabaike. Khafdhi ni neno la wanazuoni wa Kufa na jarri ni neno la wanazuoni wa Basra, kitu ni kile kile.

Sababu ya kuandika somo hili ni madaftari. Siku moja niliwapa wanafunzi wangu wadogo sentensi tatu za Kiswahili wazigeuze kwa Kiarabu:

Nipo sokoni.
Nilitoka sokoni.
Nilikwenda sokoni.

Nikakusanya madaftari. Ya kwanza wengi walipata: ana fis-suuqi. Ya pili wakaandika kharajtu fis-suuqi. Ya tatu wakaandika dhahabtu fis-suuqi. Fii, fii, fii, daftari hadi daftari. Nikatia mikasi ya wino mwekundu na kuwarudishia kwa ukali kidogo. Binti mmoja, mpole kuliko wote, akainua mkono akasema, "Ustadh, lakini zote si sokoni?"

Sikuwa na jibu la haraka. Alikuwa amesema kweli. Katika Kiswahili zote ni sokoni. Kosa lilikuwa langu mimi niliyewafundisha, tena kwa miaka, kwamba "fii maana yake ni katika, au ni ile -ni ya mwisho". Waliona -ni mara tatu, wakaandika fii mara tatu. Walinitii.

Tazameni Kiswahili chetu kinavyofanya kazi. Tunachukua neno soko, tunalibandika mkia -ni, linakuwa sokoni. Mkia huo unasema tu kwamba hapa ni mahali. Hausemi kama mtu yumo, anatoka au anakwenda. Habari hiyo imebebwa na kitendo: kuwepo, kutoka, kwenda. Ndiyo maana hatupotezani. Hata neno kutoka tunalolitumia tukisema "barua kutoka Tanga" ni kitendo kile kile cha kutoka, tumekiazima tu kifanye kazi nyingine. Wengi wetu hapa Dindira tunaamka na kulala na Kisambaa, nacho kina mkia wake wa mahali: nchi ya Wasambaa ni Shambaai. Kwa hiyo mtoto anakuja madrasa akiwa na lugha mbili ambazo mahali panaonyeshwa mwishoni mwa neno.

Mwarabu amepanga vingine. Yeye haweki kitu nyuma, anaweka mbele, tena anaweka kitu tofauti kwa kila hali. Fii ni ya aliyemo. Min ni ya anayetoka. Ilaa ni ya anayeelekea. Ukimwambia dhahabtu fis-suuqi atakuelewa kwamba tayari ulikuwa umo sokoni na ukawa unakwenda humo humo. Ukimwambia kharajtu fis-suuqi atabaki kukungoja umalizie, kwa sababu hujamwambia umetoka wapi.

Tangu siku ile nimeacha kufundisha kwamba fii ni "katika". Nafundisha kwa miguu. Uwanjani tunachora duara tatu kwa majivu: moja al-baytu (nyumba), moja as-suuqu (soko), moja al-madrasatu. Mtoto mmoja anatembea, wenzake wanasema anachofanya. Ila kuna sharti: kitendo ni kimoja tu, mashaa, yaani alitembea. Hawaruhusiwi kusema kharaja wala dhahaba.

Mtoto akizunguka ndani ya duara la soko: mashaa fis-suuqi.
Akilipa duara mgongo na kuondoka: mashaa mina s-suuqi.
Akiliendea duara: mashaa ilas-suuqi.

Sasa jaribuni kusema hayo matatu kwa Kiswahili mkitumia "alitembea" peke yake. Hamtaweza. Ya kwanza mtasema alitembea sokoni, lakini ya pili lazima muongeze kutoka, na ya tatu muongeze kwenda au kuelekea. Kiswahili kinaita kitendo cha pili kije kusaidia. Kiarabu kitendo ni kile kile na kineno kidogo ndicho kinachomgeuza mtu njia. Mchezo huu wanafunzi wanaupenda, na nimeona aliyeucheza mara tatu nne haandiki tena fii mahali pa ilaa. Mwenye kuendelea kukosea mara nyingi ni yule aliyekaa pembeni akitazama.

Wazazi, hata kama hukusoma Kiarabu unaweza kusaidia, kwa kuwa swali lenyewe ni la Kiswahili: "Yumo, anatoka, au anakwenda?" Muulize mtoto hivyo kabla hajaandika. Jikoni panafaa sana. Sukari imo koponi: as-sukkaru fil-'ulbati. Mama ameitoa koponi na kuitia chaini: mina l-'ulbati ilash-shaayi. Sisi watu wa huku milimani chai haitupi shida, tunaiona tangu ikiwa majani, basi na tuitumie.

Tukija kwenye matamshi, kuna mambo ambayo yanawaponyoka wengi. Neno linalofuata harufu jarri linapata kasra mwishoni. Al-baytu linakuwa fil-bayti, al-masjidu linakuwa mina l-masjidi, al-madrasatu linakuwa ilal-madrasati. Wanafunzi wanapenda kukata mwisho wa neno, wanasema fil-bayt, na mtu akisimama hapo mwisho wa maneno yake hana kosa. Lakini mwalimu hawezi kujua kama mtoto ameielewa kasra au ameiruka. Kwa hiyo darasani tuitamke, tuisikie.

Angalieni pia min. Peke yake ina sukuni: min baytin, kutoka nyumba fulani. Ikikutana na al- inapata fat-ha: mina l-bayti. Sababu ni kuwa herufi mbili zenye sukuni hazikutani, ulimi unakwama. Na fii na ilaa zikikutana na al- ule uvutaji wake unaanguka katika kutamka, ingawa katika maandishi unabaki. Ndiyo maana tunasikia fil na ilal.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni lazima aseme "min Dindiri". Tulicheka, lakini swali lilikuwa la mtu anayefikiri. Majina ya mahali ya kigeni, yasiyo ya Kiarabu, hayapokei kasra hiyo, yamo katika fungu linaloitwa al-mamnuu' mina s-sarfi, na alama yake ya jarri ni fat-ha. Nalo Dindira, likiandikwa kwa Kiarabu na alifu mwishoni, halionyeshi mabadiliko yoyote. Sema min Dindira ilaa Tanga ukiwa na amani.

Sasa kuna kineno cha Kiswahili kinachowaangusha hata wakubwa, nacho ni "kwa". Nawaomba mkitazame kwa makini, maana ukimwambia mtoto kwamba kwa ni bi, umemchimbia shimo. Niliandika kwa kalamu: katabtu bil-qalami. Hapo ni bi kweli, kwa sababu kalamu ni chombo. Nilikuja kwa basi: ji'tu bil-haafilati, hapo pia ni bi. Lakini nilikwenda kwa shangazi ni dhahabtu ilaa 'ammatii. Nipo kwa shangazi ni ana 'inda 'ammatii. Hii ni zawadi kwa mama ni haadhihi hadiyyatun li-ummii. Kwa moja, na Kiarabu kimetoa vineno vinne. (Wakubwa wanajua kuwa 'inda si harufu, ni dharfu, lakini linalofuata linapata kasra vile vile.) Dawa ni kuuliza "kwa" hii inafanya kazi gani hapa: ni ya chombo, ya kuelekea, ya kuwepo, au ya kumpa mtu kitu? Mtoto akijibu hilo, kineno cha Kiarabu kinakuja chenyewe.

Kuna na kihusishi kingine kilichojificha kabisa, hata hakionekani kama neno. Tunasema mama alipika, kisha tunasema mama alinipikia. Ile i iliyoingia ndani ya kitendo, ambayo shuleni mnaiita kauli ya kutendea, ndiyo inayobeba maana ya "kwa ajili yangu". Kiarabu hakina namna hiyo, kinahitaji li: tabakhat lii ummii. Mwanafunzi mmoja alitafuta hiyo li katika sentensi ya Kiswahili hakuiona, basi akaiacha. Akaandika tabakhatnii ummii. Nikamwambia aisome kwa sauti, kisha nikawaomba wenzake waitafsiri. Mmoja akasema taratibu, "Mama... alinipika!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mwenye daftari mwenyewe alicheka kuliko wote. Sidhani kama kuna mtu darasani mle atakayeisahau li.

Msidhani kwamba vineno hivi ni vigeni kwenu. Mnavitumia tangu alfajiri. Bismillahi ni bi. Alhamdulillahi ni li. Assalaam alaykum ina 'alaa, imeungana na kum, yaani juu yenu. Tunapopata msiba tunasema tutarejea ilayhi, kwake Yeye, na hiyo ni ilaa. Kiswahili chenyewe kimebeba vingine vikiwa vimekauka ndani ya maneno: fisabilillahi ina fii, minajili na mintarafu zina min, bila na bighairi zina bi. Mwalimu akianza na haya ambayo mtoto anayasema kila siku, nusu ya somo imekwisha.

Ila moja katika hayo ni mtego. Nimesema "ila". Katika Kiswahili ila ni isipokuwa: walikuja wote ila Juma. Hiyo imetoka katika illaa ya Kiarabu, yenye shada, ile iliyomo ndani ya shahada. Siyo ilaa ya kuelekea. Mtoto akiona dhahaba ilal-masjidi akilini mwake inakuja "isipokuwa msikiti", anachanganyikiwa. Mwambieni atazame shada. Illaa yenye shada inatoa, ilaa isiyo na shada inapeleka.

Pengine mzazi mmoja atauliza kama kuna haja ya kumsumbua mtoto kwa kineno cha herufi mbili, maadamu maana ya jumla inaeleweka. Mara nyingine haieleweki, inageuka. Chukueni kitendo raghiba. Raghiba fiihi maana yake alikitaka, alikipenda. Raghiba 'anhu maana yake alikipa mgongo, hakukitaka. Kitendo ni kimoja, kilichobadilika ni fii na 'an. Katika Hadithi iliyopokewa na Anas (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, watu watatu waliazimia kujizidishia ibada: mmoja asilale usiku, mmoja afunge kila siku, mmoja asioe. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba yeye analala na anaamka kuswali, anafunga na anafungua, na anaoa, na kwamba mwenye kuipa mgongo Sunna yake si pamoja naye. Kitendo kilichotumika hapo ni raghiba pamoja na 'an. Mtoto aliyezoea kuweka fii kila mahali akiisoma Hadithi hiyo kwa fii, atakuwa amesema kwamba anayeipenda Sunna ndiye asiyekuwa pamoja na Mtume. Amegeuza dini kichwa chini, na kineno chenyewe ni kidogo hivyo.

Mfano mwingine uko kwenye udhu, ambao kila mtoto hapa anautia mara kadhaa kwa siku. Aya ya 6 ya Suratul-Maaida inataja kuosha mikono ilaa viwikoni, kupaka maji bi vichwani, na miguu ilaa vifundoni. Ilaa hapa tunaitafsiri "mpaka". Hebu nikuulizeni: mwalimu akisema someni mpaka ukurasa wa 10, ukurasa wa 10 umo au haumo? Nimeuliza darasani, wakagawanyika. Na mama akisema caa hapa mpaka jioni, jioni yote utakaa? Basi ni hivyo hivyo. Viwiko vimo katika kuosha, na madhehebu manne yamekubaliana juu yake, imepokewa na Muslim kwamba Abu Hurayra (R.A.) aliosha mkono hadi akaingia kwenye sehemu ya juu ya kiwiko, kisha akasema hivyo ndivyo alivyomwona Mtume (S.A.W.) akitawadha. Lakini katika aya ya 187 ya Suratul-Baqara tunaamrishwa kutimiza saumu ilaa usiku, na usiku haumo, jua likizama tunafungua. Baadhi ya wataalamu wa nahau wakaeleza: ikiwa mpaka ni wa jinsi moja na kinachopakana nao, kama kiwiko na mkono, unaingia. Ukiwa wa jinsi nyingine, kama usiku na mchana, hauingii. Binafsi naipenda sana kanuni hii, kwa sababu hata kwa Kiswahili inafanya kazi: ukurasa wa 10 ni ukurasa kama wenzake, basi usome.

Ama ile bi ya vichwani, maimamu wametofautiana. Imam Malik (R.A.) amesema kichwa chote kipakwe. Imam Shafii (R.A.), ambaye ndiye wengi wetu wa mwambao na huku bara ya Tanga tunamfuata, amesema sehemu yoyote ya kichwa inatosha, na wanazuoni wa madhehebu yake wakaitaja ile bi kuwa miongoni mwa hoja. Kwa Imam Abu Hanifa (R.A.) ni robo ya kichwa. Kwa hiyo ukimwona mgeni msikitini anapaka kichwa chote na wewe umefundishwa kulowesha sehemu tu, usimshangae wala usimcheke. Mjadala huo una zaidi ya miaka elfu moja, na bi moja imo ndani yake.

Sasa kazi ni yenu. Kwanza ulizeni lile swali, yumo, anatoka au anakwenda, ndipo mshike kalamu. Kasra mzionyeshe.

ZOEZI

Geuza kwa Kiarabu:
1. Mwalimu yumo msikitini.
2. Tulitoka msikitini.
3. Baba alikwenda Korogwe kwa basi.
4. Kitabu kipo kwa Fatuma.
5. Dada alinipikia wali. (Usije ukapikwa.)

Geuza kwa Kiswahili, kisha eleza kwa mdomo kitendo gani kimekusaidia:
6. Mashaa l-waladu mina l-bayti ilal-madrasati.
7. Al-kitaabu fil-haqiibati, wal-haqiibatu 'alal-kursiyyi.

La mwisho ni la kufanya na mzazi au mlezi. Sikilizeni adhana na nyiradi mnazosoma baada ya swala, mhesabu bi, li, min, 'alaa, fii na ilaa mtakazozisikia kwa siku moja. Andikeni idadi nyuma ya daftari, mlete siku ya Jumamosi.